Msharika, Mshirika na Mshiriki: Maana na Asili ya Jina la Watu wa Kanisa

Makusudi ya makala haya ni kulichungua jina moja ambalo watu wengi katika Tanzania na Kenya huitwa kila Jumapili, na ambalo wachache tu kati yao hujiuliza limetoka wapi na lina maana gani. Jina lenyewe ni msharika, kwa wingi washarika, pamoja na ndugu zake wawili, mshirika na mshiriki. Nililazimishwa kulichungua na mambo mawili, moja la darasani na moja la msibani, na yafaa niyaeleze yote mawili kwanza, maana hoja zitakazofuata zimetoka humo.

La darasani ni hili. Mwanafunzi mmoja aliniletea insha juu ya maisha ya kijiji chao, na ndani yake aliandika kwamba mama yake ni msharika wa siku nyingi. Nilikata neno hilo kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake mshiriki, nikaona nimetimiza kazi yangu. Kesho yake alikuja mlangoni pangu na karatasi yake mkononi, akasema kwa adabu, "Samahani, Mwalimu. Mama yangu hashiriki. Ni mgonjwa, hajatoka nyumbani mwaka wa pili sasa. Lakini ni msharika." Sikuwa na jibu. Nilimrudishia alama yake, nikabaki na swali.

La msibani lilitokea miezi michache baadaye. Baba yangu mdogo alifariki baada ya maradhi ya muda mrefu. Tulipokwenda kupanga maziko, mzee mmoja wa kanisa alifungua daftari la sadaka, akapitisha kidole chake kwenye mistari, akatuambia kwamba bahasha ya marehemu ilikuwa tupu kwa miaka minne, na kwamba kwa hiyo swali lililo mbele yetu ni kama marehemu alikuwa bado msharika au la. Shangazi yangu, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, alimwuliza, "Mzee wangu, mawe ya ukuta huu unaouegemea aliyabeba nani?" Chumba kizima kilinyamaza. Mimi niliyesomea lugha nilinyamaza vilevile, maana niliona kwamba watu hawa wawili walikuwa wakibishana juu ya maana ya neno, na kwamba kazi ya kulieleza ilikuwa yangu.

Tuanze na matumizi, ndipo twende kwenye asili. Makanisa yetu hayatumii jina moja kwa watu wake. Wakatoliki husema waamini, na wanapotaka kuwatenga na mapadre na watawa husema walei. Makanisa mengi ya Kipentekoste husema washirika. Katika Kanisa la Moraviani jumuiya ya mahali pamoja huitwa ushirika. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963 kwa kuungana kwa makanisa saba, jumuiya hiyo huitwa usharika, na mtu wake ni msharika. Nchini Kenya hutajwa sana washirika, na pengine washiriki. Magazeti, ambayo hayapendi kuonekana yanaelemea upande mmoja, huwaita watu wote waumini, wawe wa msikiti au wa kanisa.

Basi hapa pana mashina matatu. La kwanza ni amini, lililozaa waamini na waumini. La pili ni la walei, lililofika kwetu kutoka Ulaya, na asili yake ya mbali ni neno la Kiyunani laos, maana yake watu. La tatu ni shiriki, shirika na sharika, nalo ndilo shabaha yetu.

Shina hili ni la Kiarabu, na herufi zake tatu ni shin, ra na kaf. Maana yake ya msingi ni kuwa na fungu katika kitu pamoja na mwingine. Kutoka humo Kiarabu kimepata sharik, yaani mwenzi katika mali au kazi, na sharika au shirka, yaani umoja wa watu waliotia mali zao mahali pamoja ili wafanye biashara na kugawana faida na hasara. Neno hili lina maana hiyo katika vitabu vya sheria ya Kiislamu, nasi tuliorithi lugha ya pwani tunaitambua bado tunaposema mali ya shirika au shamba la shirika. Kwa hiyo mshirika wa kwanza katika Kiswahili hakuwa mtu wa ibada. Alikuwa mtu wa biashara, na alijulikana kwa fungu lake.

Lakini shina hilohilo lina tawi jingine, na tawi hilo lina mwiba. Katika dini ya Kiislamu, shirk ni dhambi ya kumpa Mwenyezi Mungu mwenzi, yaani kudai kwamba uungu wake una fungu la mwingine, na Kurani inaihesabu kuwa dhambi isiyosamehewa. Atendaye hivyo ni mushrik, na wingi wake waweza kuwa mushrikin. Waswahili waliupokea wingi huo wakaufanya umoja, wakapata mshirikina, na jambo lake wakaliita ushirikina. Siku hizi neno ushirikina limeshuka kutoka kwenye elimu ya dini hadi kwenye hirizi na uganga wa kuroga, lakini asili yake ni ile.

Yafaa tutazame jinsi maneno haya yalivyovaa nguo za Kibantu. Majina mengi ya Kiarabu ya mtenda huanza na mu-. Kiswahili nacho huanza majina ya watu kwa m- au mw-. Basi Mswahili aliposikia musafir alisema msafiri, na alipotaka wengi akasema wasafiri, kana kwamba ile mu- ilikuwa yake tangu zamani. Ndivyo mu'allim alivyokuwa mwalimu, na ndivyo mu'min alivyozaa waumini. Hapa ndipo penye ugomvi wa waumini na waamini. Waumini wametokana na jina la Kiarabu lililopokewa zima. Waamini wameundwa hapa nyumbani kutoka kitenzi amini. Yote mawili ni halali, na wanaolaumu moja kwa ajili ya jingine wanalaumu njia ya kuingilia huku wageni wote wawili wameketi tayari sebuleni.

Sasa nije kwenye makosa ya wahakiki, nikianza na la kwangu mwenyewe. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba msharika na usharika ni matamshi mabaya ya watu wa bara walioshindwa kusema mshirika na ushirika. Nilipofika nyumbani siku ile na kufungua vitabu, niliona aibu. Kiarabu chenyewe kina maumbo yote mawili, shirka lenye i na sharika lenye a, na maana yake ni moja. Tena Walutheri wanapotaja wingi wa usharika husema sharika: dayosisi fulani ina sharika kadha wa kadha. Ukiondoa u- ya Kibantu, neno la Kiarabu hubaki uchi kama lilivyozaliwa. Kwa hiyo aliyesema usharika hakuharibu kitu. Alichukua umbo moja kati ya mawili yaliyo sahihi.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kudhani kwamba maneno matatu yenye asili moja lazima yawe na maana moja. Tuyapime. Mshiriki ni jina la mtenda linalotoka katika kitenzi shiriki, na mwisho wake ni ile i tunayoikuta katika msomi, mwandishi na mpishi. Ni mtu anayetenda jambo pamoja na wengine, na jina lake ladumu kadiri tendo linavyodumu. Mshiriki wa mkutano si mshiriki tena mkutano ukiisha. Mshirika ni mtu wa shirika. Jina lake halikutoka katika tendo bali katika umoja wenyewe; hata akilala usingizi ni mshirika, maana fungu lake halilali. Msharika ni mtu wa usharika, yaani wa jumuiya fulani ya Kanisa yenye mahali pake, mchungaji wake na daftari lake. Basi mshiriki hujulikana kwa anachotenda, mshirika kwa anachomiliki pamoja na wenzake, na msharika kwa mahali anapohesabiwa. Yule mwanafunzi aliliona jambo hili bila kamusi. Mama yake hakuweza kushiriki; walakini hakuna aliyeweza kumwondoa katika usharika wake.

Lugha yenye busara haitupi umbo la pili bure. Ikikuta maumbo mawili ya neno moja, hulipa kila moja kazi yake. Katika mlima Kilimanjaro jambo hili laonekana wazi. Wakulima wa kahawa wa huko waliunda chama chao kikuu cha ushirika, kijulikanacho kwa herufi K.N.C.U., mwaka 1933, na Chuo cha Ushirika cha Moshi kilianzishwa mwaka 1963, mwaka uleule wa kuundwa kwa Kanisa la Kilutheri nililolitaja. Mtu wa mlimani aweza kupeleka kahawa yake ushirika siku ya Ijumaa, na kwenda usharika siku ya Jumapili, wala asichanganye. Vokali moja tu inamtenganishia mizani ya kahawa na meza ya Bwana. Mhakiki atakayeifuta vokali hiyo kwa jina la usanifu atakuwa amewapunguzia watu maarifa waliyokuwa nayo.

Kosa la tatu hutajwa na watu wenye nia njema. Wanasema: ikiwa mshirika na mshirikina ni watoto wa mama mmoja, je, si aibu kwa Kanisa kujiita kwa jina linalopakana na ibada ya mashetani? Na wengine huongeza kwamba yafaa tutafute neno safi la Kibantu. Nitalijibu la pili kwanza. Jaribio la kupunguza maneno ya Kiarabu katika maandiko ya Kikristo lilifanywa na mtu mwenye elimu, Karl Roehl, ambaye tafsiri yake ya Biblia nzima ilitoka mwaka 1937. Kazi yake yastahili heshima, lakini tafsiri iliyoenea ni ile ya Union ya mwaka 1952, ambayo haikuyaogopa maneno ya pwani. Tena maneno ya kienyeji nayo yana mikasa yake. Kiswahili kina neno bia, lenye maana ya kuchangia jambo pamoja, hasa chakula. Lingefaa sana. Lakini leo mchungaji akitangaza kwamba baada ya ibada kutakuwa na bia, atapata kusanyiko ambalo hakulitazamia.

Sasa nijibu la kwanza. Wanaoogopa ujirani wa shirk na ushirika hawajauliza Mtume Paulo alisema nini kwa Kiyunani. Neno linalofasiriwa ushirika katika Agano Jipya ni koinonia, na mtu wake ni koinonos. Asili yake ni koinos, yaani kitu kisicho cha mmoja tu bali cha wote. Katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 10, Paulo analitumia neno koinonia juu ya kikombe na mkate wa Bwana. Na baada ya aya chache tu anawaonya Wakorintho wasiwe koinonoi wa mashetani. Neno ni moja, limegeuzwa uso. Kwa hiyo Kiyunani nacho kilikuwa na shina moja la ushirika mtakatifu na ushirika mchafu, na Paulo hakulikimbia. Alilisimamisha katikati ya Wakorintho ili waone kwamba swali la haki ni moja: unashirikiana na nani? Kiarabu kilifika penye swali hilo kwa njia nyingine, na Kiswahili kimerithi swali zima.

Hata hivyo sitaki kusema kwamba hatari haipo kabisa. Wahubiri wetu hupenda kusema: mshirikishe Mungu katika mipango yako. Kwao maana yake ni kumwomba Mungu awemo katika shughuli ya mtu. Lakini Mwislamu wa Unguja au wa Lamu akisikia kumshirikisha Mungu husikia jambo jingine kabisa, yaani kumpa Mungu mwenzi, ile dhambi kubwa kuliko zote. Sentensi moja, katika lugha moja, ni wema kwa jirani mmoja na kufuru kwa mwingine. Sisemi wahubiri waiache sentensi yao. Nasema waijue, maana asiyejua neno lake linavyosikika nje ya ukuta wake hajui neno lake.

Kosa la nne ni la wale wanaotaka tuwaite wote waumini, wamalize maneno. Waumini ni neno zuri. Shina lake limetupa imani, amani na amana, na ni ndugu wa ile amina ya Kiebrania ambayo dini zetu zote mbili hufungia sala. Lakini halifanyi kazi ya washirika. Kuamini ni jambo la moyo wa mtu. Mtu aweza kuwa mwumini peke yake, kisiwani, pasipo mwingine wa kumjua. Mshirika hawezi kuwa peke yake hata siku moja, maana jina lake lina mwenzi ndani yake. Ukisema mwumini, huulizi mtu mwingine yuko wapi. Ukisema mshirika, swali hilo lakujia mara moja: mshirika wa nani, na katika nini? Tukilifuta neno hili tutakuwa tumewapa watu wetu jina linalowatazama mmoja mmoja, na kuwanyang'anya lile linalowatazama pamoja.

Jambo hili walilijua pia Wajerumani, ambao wamisionari wao walikuwa miongoni mwa waliopanda makanisa ya Kilutheri hapa kwetu: wa Berlin waliofika Dar es Salaam mwaka 1887, na wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Katika lugha yao jumuiya ya Kanisa mahali pamoja ni Gemeinde, na neno hilo lina shina la gemein, yaani kilicho cha wote. Martin Luther mwenyewe, alipofasiri Agano Jipya mwaka 1522, alipenda neno la jamii hii badala ya lile la kawaida la Kanisa. Bruno Gutmann, aliyeishi miaka mingi kati ya Wachaga, alitoa mwaka 1925 kitabu kizima juu ya kuijenga Gemeinde kwa Injili, akisisitiza vifungo vya ukoo, ujirani na rika. Yeye alitetea Kichaga kuliko Kiswahili, na hakuwa mwenye neno letu. Lakini tazama jinsi maneno matatu yanavyokutana: koinonia ya Kiyunani, Gemeinde ya Kijerumani na usharika wa Kiswahili. Yote matatu, kila moja kwa njia yake, yametoka katika wazo la kitu kisichomilikiwa na mmoja. Hata neno kanisa lenyewe halikwenda mbali na wazo hilo, maana limefika kwetu kwa Kiarabu kutoka Kiaramu, na huko shina lake ni kukusanya.

Sasa turudi penye daftari la sadaka, maana bila kurudi huko makala haya yatakuwa mchezo wa herufi tu. Watu wanaposema msharika hai, mara nyingi hukusudia mtu ambaye bahasha yake haikosi kitu. Sikatai kwamba Kanisa lahitaji fedha. Paa halijiezeki lenyewe, wala mwinjilisti hali maneno. Ninachohakiki ni maana. Kumhesabu mtu kwa bahasha yake ni kulirudisha neno sokoni lilikotoka. Ni kusema kwamba usharika ni shirika la biashara, na asiyetia mtaji hana fungu. Yule mzee wa kanisa hakujua Kiarabu, lakini kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya maana ya kwanza kabisa ya neno.

Tuseme basi tukubali kuhukumiwa sokoni. Je, hata huko atashinda? Mafakihi wa Kiislamu walilijadili swali hili kwa karne nyingi: mtu asiye na mali aweza kuwa mshirika? Wafuasi wa Imamu Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, walishikilia kwamba shirika halisi ni la mali kwa mali. Lakini wafuasi wa Abu Hanifa walikubali pia shirika la kazi, ambalo ndani yake mafundi wawili wasio na senti huwa washirika kwa mikono yao. Na wote walikubali mapatano ya mudharaba, ambayo ndani yake mmoja hutoa fedha na mwenziwe hutoa kazi, nao hugawana faida. Swali la shangazi yangu juu ya mawe ya ukuta lilikuwa, bila yeye kujua, hoja ya kifakihi. Marehemu alitia fungu lake kwa mabega.

Katika Injili ya Luka, mlango wa 5, Yakobo na Yohana wanaitwa washirika wa Simoni, na Kiyunani chake ni koinonoi. Walikuwa washirika katika nini? Katika kuvua samaki. Usiku ule walikuwa wametaabika pasipo kupata kitu, na asubuhi mitumbwi ilikuwa mitupu. Hapakuwa na aliyesema kwamba kwa kuwa hakuna samaki, ushirika umevunjika. Ushirika wao haukuwa katika kilichopatikana, bali katika wavu uliovutwa pamoja.

Walakini hoja iliyo nzito kuliko hizo zote ni ya Paulo, nayo inahusu fedha waziwazi. Katika barua kwa Warumi, mlango wa 15, anataja changizo la Makedonia na Akaya, na neno analolitumia kwa changizo hilo ni lilelile koinonia. Kwa hiyo mzee wa kanisa aweza kusema: unaona, ushirika ni kutoa! Ni kweli. Lakini na asome mpaka mwisho apate kuona fedha hizo zilikwenda wapi. Zilikwenda kwa maskini wa Yerusalemu. Katika matumizi ya Paulo, mtu asiye na kitu hatolewi katika koinonia kwa sababu hana kitu. Yeye ndiye koinonia inakoelekea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndivyo wasemavyo wahenga, na ushirika ulikuja ili umlazimishe kumjua. Basi bahasha tupu ya mgonjwa wa miaka minne ilikuwa na habari ndani yake, nayo haikuwa habari ya kwamba mtu huyu si wetu. Ilikuwa habari ya kwamba mwenzetu ameishiwa. Daftari lilisomwa kwa miaka minne, likajumlishwa kila mwezi, na hakuna aliyeisikia habari hiyo. Nami ni mmoja wao, maana nilikuwa mjini nikisahihisha vokali za watu.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa watunga kamusi na walimu wenzangu. Tuyape maneno haya matatu nafasi tatu, kila moja na maana yake: mshiriki kwa tendo, mshirika kwa umoja wa mali, kazi au imani, na msharika kwa mtu wa usharika. Tusimkatie mtu neno kwa wino mwekundu kabla ya kumwuliza mama yake ni nani. La pili ni kwa wenye neno wenyewe, yaani makanisa. Mlichukua neno la wafanyabiashara mkaliweka juu ya meza ya Bwana, na mlifanya vema. Lakini neno lina kumbukumbu ndefu, na msipoliangalia litarudi sokoni polepole, mstari kwa mstari, katika daftari.

Msomaji atapenda kujua mwisho wa mambo ya msibani. Mchungaji aliingia akiwa amechelewa, akaelezwa ubishi, akamwomba mzee daftari, akalifunga. Kisha akauliza marehemu alibatizwa mwaka gani. Shangazi akautaja. Mchungaji akasema, "Inatosha, mama." Baba yangu mdogo alizikwa siku ya tatu, na katika kusoma wasifu wake nililisoma neno msharika kwa sauti, kwa a, kama lilivyoandikwa.